Njahi Moja Juu ya Meza

Habari za kifo chake zilinipata Kibirichia, Jumatatu asubuhi, nikiwa nimeinama shambani kwa mama tukichimbua viazi. Zilikuja kwa simu, kwa njia ile inayonikera: picha yake ya zamani imezungushiwa maua ya kuchorwa, na chini yake maandishi ya rangi ya dhahabu yakisema shujaa wa watoto ametutoka. Aliyeisambaza ni ofisa mmoja ambaye, kwa miaka yote niliyomfahamu marehemu, sikuwahi kumwona akikanyaga kizingiti cha kile kijumba chake cha mabati. Nilishikwa na hasira kabla ya kushikwa na huzuni, na nawaomba radhi wasomaji wangu mapema, kwa sababu hasira hiyo bado haijaniisha. "Ni nani?" mama aliniuliza. "Mwalimu mmoja wa Embu." "Alikufundisha wapi?" Sikukaa darasani kwake hata siku moja. Mama alinitazama kidogo, akachukua sindano ya magunia, akanipa. "Haya, shona hilo gunia," akasema, akaenda kubandika chai.

Wengi wenu hamkumjua. Aliishi katika kijiji kimoja cha vilima vya Runyenjes, mwendo wa mguu kutoka Karurumo, na sitakitaja kwa sababu watoto waliopita mikononi mwake wana haki ya kutotafutwa na wasomaji wa magazeti. Alikuwa mwalimu wa nasari aliyestaafu, mwanamke mfupi, mwenye viatu vya mpira mvua ikinyesha na jua likiwaka, na kikopo cha tumbaku ya kunusa kwenye mfuko wa sweta. Watu wote walimwita Mwarimu, hivyo hivyo ulimi wa huko unavyolitamka neno mwalimu. Serikali ilikuwa imempa barua ya kuwa mjitolea wa mambo ya watoto, na mjitolea huku kwetu maana yake ni kwamba kazi ni ya ofisi lakini mgongo unaouma ni wako. Hakuwa malaika. Aligombana na pasta wake, aligombana na chifu, na aliwahi kumfukuza mwandishi wa habari kwa kumrushia maji ya kuoshea sufuria. Lakini kwa kijumba kile, kilichokuwa zamani stoo ya mahindi ya msaada nyuma ya ofisi ya chifu, alifanya jambo ambalo sijaona ofisi yoyote ikilifanya, na sasa kwa kuwa amekufa nasikia kila ofisi ikidai ililifanya pamoja naye.

Nilimjua nilipomaliza chuo kikuu. Nilikuwa na shahada ya saikolojia, viatu vipya na kazi katika shirika moja lililokuwa na mradi wa kujenga ustahimilivu wa watoto walioona mabaya nyumbani. Nilitumwa kwake na fomu. Alinikaribisha, akanipa kiti kilichokosa mgongo, akavaa miwani yake, akaigeuza ile fomu huku na huku kama mtu anayekagua mbegu alizoletewa na jirani asiyemwamini. "Hii karatasi inauliza mtoto nini, kijana ya Meru?" Nikamsomea swali la kwanza: je, katika mwezi uliopita umejisikia huna thamani, mara chache, mara nyingi, au kila siku? "Na akisema kila siku?" "Naweka alama hapa." "Halafu?" "Halafu, Mwarimu, tunajumlisha." Alicheka hadi akapiga chafya. "Wewe ni karani wa kiwanda ya kahawa. Kahawa inakuja imechumwa na mtu, imebebwa na mtu, wewe unapima, unaandika. Ushawahi kuchuma?" Nilichukia. Nilikuwa nimesoma miaka minne, na huyu bibi aliyefundisha watoto kuimba a-e-i-o-u ananiita karani. Nilimwuliza, kwa sauti ya mtu aliyesoma, yeye anatumia mbinu gani. Akanionyesha debe la njahi.

Njahi ni yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe ubavuni, chakula tunachompikia mama aliyetoka kujifungua ili nguvu zimrudie. Watoto walikuja kwake kila Alhamisi saa tisa, shule ikiisha, akawaketisha kando yake kwenye mkeka, si mbele yake, akaweka ungo katikati, na wote wakachambua: mawe huku, njahi kule. Hakuuliza kitu. Aliniambia mtoto akikaa mbele yako anajua anahojiwa, akikaa kando yako anajua ana mtu. Wengine walizungumza baada ya Alhamisi tatu, wengine baada ya muhula mzima, na wengine hawakuzungumza kamwe, wakachambua tu, wakala, wakarudi kwao wakiwa wamesindikizwa na mama mmoja wa zamu. Wale mama wa zamu walikuwa wanne. Kazi yao nyingine ilikuwa kwenda nyumba yenye kelele na bakuli mkononi, kuomba chumvi. Mume ameinua mkono, mlango unabishwa: "Hodi, nimekosa chumvi." Mwanamume wa kwetu anaweza kumpiga mke mbele ya watoto wake, lakini kumnyima jirani chumvi ni aibu. Kwa hiyo anashusha mkono, anatafuta chumvi, na jirani anaketi, anazungumza habari za mvua mpaka damu ya mwenye nyumba ipoe.

Na kila mtoto aliyehitaji alipewa njahi chache za kukaa nazo mfukoni. Mwarimu alikuwa amepatana na mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya hapo, mama mmoja mkali aliyewahi kufundisha naye, kwamba mtoto akifika asubuhi akaweka njahi moja juu ya meza ya mwalimu, maana yake ni moja tu: jana nyumbani kulikuwa kubaya, usiniulize, usinichape. Mwalimu anaichukua, anaitia mfukoni, somo linaendelea. Jioni njahi hiyo inafika kwa Mwarimu, naye anajua leo amsindikize nani, na chumvi ikaombwe wapi. Mimi, mwenye shahada, niliona tundu mara moja. "Na wakidanganya? Mtoto hajafanya hesabu, anachukua tu njahi jikoni kwao." "Walidanganya wawili," akasema. "Ukafanya nini?" "Nilikunywa chai. Watoto wawili wamekosa kuchapwa. Hiyo ni hasara ya nani?" Nilipomwuliza wazo hilo alilitoa wapi, alinusa tumbaku yake, kisha akaniambia kwamba akiwa mwalimu kijana alimchapa mtoto mmoja kwa kuja shule mchafu na kusinzia. Jioni akapata habari kwamba mtoto yule na wadogo zake walikuwa wamelala ndani ya shamba la kahawa wakimkimbia baba yao. "Nilimchapa mikononi," akasema. "Na hiyo mikono ndiyo ilikuwa imeshika mdogo wake."

Sasa nifike kwa msichana ambaye ndiye sababu ya mimi kuandika haya. Alikuwa darasa la tatu. Baba yake alimkata mama yake mkono kwa panga, mchana kweupe, katika shamba la muguka, ile aina ya miraa, yeye akiwa hapo ameshika kikapu cha majani. Mama alipona, akapelekwa kwao upande wa Mbeere, na kwao hawakutaka mtoto wa mtu yule. Baba alifungwa. Msichana akabaki kwa nyanya yake mzaa baba, mwanamke aliyempenda mwanawe na kumpenda mjukuu wake na hakujua aweke wapi mapenzi yote mawili. Mwarimu alisema kwa uchungu kuhusu nyumba ile: "Hapo tulichelewa na chumvi." Lakini hakuchelewa yeye peke yake. Kijiji kizima kilijua kwamba mtu yule akilewa hutafuta panga. Mzee wa kijiji alijua, naibu wa chifu alijua, kanisa lilijua na lilikuwa limeombea jambo hilo mara mbili.

Baada ya kukatwa mama, ndipo wote walipokumbuka kwamba kuna mtoto. Mzee wa kijiji alimwita akamwuliza ilikuwaje. Naibu wa chifu akamwuliza. Polisi wakamwuliza, nesi akamwuliza, ofisi ya watoto ikamwuliza, mwendesha mashtaka akamwuliza, na mahakamani akaulizwa tena. Kila mmoja alikuwa na kalamu, na hakuna aliyetaka kusoma kilichoandikwa na kalamu iliyotangulia. Tulifundishwa kwamba kuuliza si ujinga. Kuna siku kuuliza ni ukatili. Nilikuwapo kwenye kijumba siku msichana yule alipoletwa mara ya kwanza. Alisimama wima katikati ya chumba, mikono nyuma, akatazama ukuta, akaanza kama mtoto anayekariri mstari wa Biblia, bila kupumua: jina langu ni fulani, niko darasa la tatu, siku hiyo baba yangu alichukua panga. "Ngoja, mwana wakwa," Mwarimu akamkatiza, yaani mwanangu. "Hapa si lazima. Unajua kuchambua njahi?" Mtoto alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya ugenini. Kisha akaketi. Wiki nyingi zilipita kabla hajasema neno, na aliposema, halikuwa la panga wala la baba. Alisema, "Kile kikapu kilibaki huko shamba." Katika maswali yote aliyoulizwa na watu wote wenye kalamu, hakuna aliyeuliza habari za kikapu. Kesho yake wakaenda wawili, Mwarimu na mtoto, wakakitafuta, wakakipata kimeota ukungu, wakakiosha mtoni.

Hapo ndipo ninapoingia mimi, na ningependa kuwaambia niliingia kwa wema. Mwezi wa Juni shirika letu lilikuwa na sherehe ya watoto, wageni wakubwa wakitarajiwa, na mkuu wangu alitaka tuwe na kile alichokiita sauti ya mtoto mwenyewe. Nilimkumbuka yule msichana. Mwarimu wiki hiyo alikuwa amelazwa kwa shinikizo la damu, na nilijiambia kwamba sina muda wa kwenda kumsumbua hospitalini. Uongo. Nilijua angenijibu nini. Nikaenda kwa nyanya yake na fomu ya idhini, akaweka kidole gumba. Nikamwandikia mtoto shairi juu ya siku ile ya panga, na nikamfundisha kulighani kama tunavyoghani mashairi katika shule zetu zote, kwa ishara za mikono, kwa sababu shairi lisilo na ishara halipati makofi. Ubeti wa tatu ulipofika, nilimfundisha ainue mkono wa kulia juu na kuushusha kwa nguvu. Niliushika mkono wake nikamwonyesha. Alijifunza upesi sana, na mimi nikaliita jambo hilo kupona.

Shairi lilifana. Wanawake walilia, mgeni wa heshima alitoa leso, akampa mkoba wa shule mbele ya kamera. Jumatatu iliyofuata, uwanjani, wenzake walimzunguka wakainua mikono na kuishusha. "Panga! Panga kuja! Tulete nyama?" Jina hilo likamganda. Wiki ya pili aliacha kwenda shule. Wiki ya tatu aliacha kula mbele ya watu, na nyanya yake alimkuta alfajiri amejikunja chini ya miti ya kahawa, kikapu kikiwa kichwani kama kofia. Alipoteza muhula mzima. Katika ripoti yetu ya mradi, ambayo niliiandika mimi, alitajwa kama mfano wa mafanikio.

Mwarimu alipotoka hospitalini alinifuata ofisini Embu mjini, na viatu vyake vya mpira, akapita mapokezi bila kuuliza. "Nani alimfundisha kuinua mkono?" "Ni mimi, Mwarimu." "Huyu mtoto alikukosea nini?" Nilianza kusema habari za idhini, na kidole gumba, na sauti ya mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo baya kuliko kunikatiza. "Ulikuwa na karatasi zote," akasema. "Karatasi zote ulikuwa nazo." Kisha akavuta kiti. "Mimi nilichapa mkono wa mtoto, wewe ulifundisha mkono wa mtoto. Tuko karibu sawa. Kesho saa tisa uje uchambue." Nikaenda. Nilichambua njahi Alhamisi baada ya Alhamisi, sijaulizwa kitu na siruhusiwi kuuliza kitu, nimeketi na watoto wa miaka saba wanaonicheka kwa kutupa njahi nzuri na kuhifadhi mawe. "Huyu mkubwa hajui!" mmoja wao alinishtaki kwa Mwarimu. "Mwache, naye anajifunza," Mwarimu akamjibu. Yule msichana alirudi siku moja wakati mvua inanyesha, akaketi upande wa pili wa Mwarimu, mbali nami, na hakunitazama. Hakunitazama kwa miezi. Sikuwa na fomu ya kupimia jambo hilo.

Niliacha kazi ile nikaja kuandika hapa gazetini, lakini kabla ya kuacha niliketi katika kikundi kilichoandika rasimu ya sera ya watoto. Nataka mjue jinsi mambo hayo yanavyoandikwa. Tuliketi kwenye ukumbi wa hoteli, sambusa zikaletwa, na neno ustahimilivu likawekwa katika kila ukurasa. Nalichukia neno hilo sasa. Ni sifa tunayompa mtoto kwa kubeba mzigo ambao sisi wakubwa tulimtwika, tena tukamwambia asimame wima wapiga picha wamwone. Niliuliza mle ukumbini: nani ataketi na mtoto Alhamisi saa tisa? Jibu likawa kwamba hilo ni suala la utekelezaji, tutalifikia. Niliuliza kama tunaweza kuandika sentensi moja tu, kwamba mtoto aliyeumia asisimulie kisa chake zaidi ya mara moja, kwa mtu mmoja aliyefunzwa, na wengine wote wasome alichoandika huyo. Wakasema ni wazo zuri, litahitaji mashauriano ya idara husika. Nilipendekeza chumvi ya jirani itajwe kama njia ya kuzuia kabla ya panga, na watu wakacheka kwa upole, kama unavyomcheka mgeni aliyekuja harusini na jembe. Rasimu ipo. Ina jalada zuri lenye picha ya mtoto anayetabasamu, na kwa kadiri nijuavyo haijawahi kutoka kwenye droo.

Na tusisingizie droo peke yake. Sisi watu wa milimani tuna desturi yetu, tumelelewa nayo kanisani tangu utoto: kila aliyesaidiwa lazima asimame atoe ushuhuda. Umepona, simama useme ulikuwa unaumwa nini. Umeacha pombe, simama useme ulikuwa unalala mtaro gani. Kwa mtu mzima anayesimama kwa hiari yake, sina ugomvi naye. Lakini tumeichukua desturi hiyo tukaipeleka kwa watoto, kwamba chakula, sare, mkoba, chumba salama, vyote vilipwe kwa kusimama mbele ya watu na kufungua kidonda. Tena tunasema tunampa mtoto sauti. Mtoto yule alikuwa na sauti tangu mwanzo. Alichokosa ni watu wanaoweza kuvumilia kimya chake.

Tulimzika Ijumaa iliyopita. Kulikuwa na hema kubwa, na hema dogo zaidi la wageni wa heshima lenye meza, kitambaa cheupe na chupa za maji. Walisema waliosema. Yule ofisa wa picha ya maua alisema walikuwa kama mama na mwana. Kisha mgeni mkuu akasimama, akanukuu kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na akatangaza zawadi: kile kijumba cha mabati kitavunjwa, kijengwe kituo cha kisasa chenye jina la marehemu. Watu wakapiga makofi. Mpaka kituo kijengwe, akaongeza, chumba kimefungwa kwa usalama, na ufunguo uko ofisini kwake. Nilimtazama mmoja wa wale mama wanne wa zamu aliyekuwa ameketi mbele yangu. Alimwinamia mwenzake. "Na watoto wa Alhamisi?" Mwenzake akapandisha mabega. Hakuna aliyeulizwa.

Ndipo mfawidhi wa mazishi, kijana mchangamfu, suti ya buluu, akachukua maikrofoni. "Sasa, wapendwa, maneno yetu yatakuwa bure tusiposikia matunda yenyewe. Yuko hapa binti mmoja ambaye Mwarimu alimtoa mbali. Mbali sana! Wengine mnakumbuka alivyotutoa machozi na lile shairi. Binti yetu, usione haya, njoo utuambie Mungu alikutoa wapi." Vichwa vyote viligeuka. Yuko kidato cha kwanza sasa, mrefu, sweta la shule ya upili limemkaa mabegani. Hakuwa amepangwa kwenye programu, hakuwa ameambiwa. Sauti ile ya mfawidhi nilikuwa naijua. Ilikuwa yangu. Nilipaswa kusimama niseme hapana. Wasomaji, sikusimama. Nilifikiri kwamba nikisimama nitamharibia zaidi, na huenda nilikuwa sahihi, na huenda nilikuwa mwoga tena, kama siku ile ya hospitali.

Alisimama yeye. Alitembea polepole kati ya viti, akapita mbele ya jeneza, akafika kwenye meza ya wageni. Mfawidhi alimnyoshea maikrofoni. Hakuipokea. Alitia mkono kwenye mfuko wa sweta, akatoa njahi moja, akaiweka juu ya kile kitambaa cheupe, mbele ya mgeni mkuu, kati ya chupa za maji. Kisha akageuka, akarudi kwenye kiti chake, akaketi. "Amezidiwa na uchungu!" mfawidhi akasema kwa haraka. "Tumpigie makofi ya kumtia moyo!" Wachache wakapiga. Mgeni mkuu aliichukua ile njahi, akaitazama, akamnong'oneza aliyeketi naye, wote wawili wakatabasamu, kisha akaipiga kwa ncha ya kidole ikaangukia nyasini.

Kwenye viti vya walimu kulitokea hekaheka. Yule mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ambaye nywele zake zote zimekuwa nyeupe sasa, aliinuka, akaja mbele kwa magongo yake ya miguu mibovu, akayaegemeza mezani, akainama. Ilimchukua muda. Aliitafuta ile njahi nyasini kwa vidole mpaka akaipata, akaipangusa kwa leso, akairudisha pale pale ilipokuwa, mbele ya mgeni. Kisha akamwondolea kijana wa suti maikrofoni mkononi. "Mtoto ameshasema," akasema. "Hataulizwa tena. Programu iendelee." Nyuma ya hema, walimu wote wa shule ile walikuwa wamesimama. Hawakupiga makofi. Walisimama tu mpaka mama yule aliporudi akaketi.

Kwa hiyo somo langu ni hili, na sitalipamba. Mtoto aliyeumia anahitaji mtu mmoja asiyeondoka, majirani wanaofika na bakuli la chumvi kabla panga halijatoka kwenye paa, na haki ya kunyamaza ambayo mkubwa yeyote, mwenye suti au mwenye shahada, hawezi kumvua. Hayo yanaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja wa sera, na nusu ya ukurasa ikabaki. Kila kingine tunachoongeza, tuwe wakweli, tunakiongeza kwa ajili yetu. Kama wenye ufunguo wanataka kumheshimu Mwarimu, wafungue mlango wiki hii, na jina walibandike watakapopenda. Yeye hakuwahi kubandika jina popote, na watoto walipajua.

Alhamisi saa tisa nitakuwa pale. Wale mama wanne watakuwapo, ungo upo, na debe la njahi mmoja wao aliwahi kulitoa kabla ya kufuli. Tukikuta pamefungwa tutatandika mkeka nje, chini ya ukingo wa mabati. Yule msichana amesema naye huenda atakuja, huenda hatakuja, na sikumwuliza zaidi. Na ofisa yeyote atakayepita na kalamu yake kutuuliza tunafanya nini hapo, njahi yangu ninayo mfukoni.